Mayai ya Kuatamiwa Yawekwe Yote Usiku Mmoja

Mara nyingi naitwa kuangalia kiota ambacho kuku ameshuka na vifaranga 4, nyuma yake yamebaki mayai 8. Mfugaji hunieleza kuwa mayai ni mabovu. Tukipasua moja tunakuta kifaranga mwenye manyoya, amekufa akiwa amebakiza siku chache tu atoke. Nikiuliza yaliwekwa lini, jibu ni lile lile: "Mengine nilimwongezea baadaye."

Acheni kuongeza mayai! Yai la kuku huchukua siku 21. Ukiliingiza siku ya 5, wenzake wakianguliwa lenyewe lina siku 16. Kuku hajui hesabu hiyo. Akishasikia vifaranga wanalia chini ya mbawa zake, siku moja au mbili baadaye anashuka nao kutafuta chakula, na yaliyobaki yanapoa.

Kwa hiyo kusanya kwanza, kisha uweke. Okota mayai kila siku, umwachie kuku moja au mawili yenye alama asije akahama kiota. Andika tarehe kwa penseli juu ya kila yai. Yahifadhi mahali penye kivuli na ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 18 za sentigredi ukiweza, ncha nyembamba ikielekea chini. Usiyaoshe, maana unaondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Mwisho ni siku 7. Wanaoniletea mayai ya wiki 3 wakitarajia vifaranga wanajisumbua na kumtesa kuku wa watu.

Subiri hadi kuku alalie kwa dhati, yaani siku 2 au 3 hata usiku habanduki. Giza likishaingia, ondoa yale ya alama, umwekee mapya yote kwa mara moja. Mayai 10 hadi 12 yanamtosha kuku wa kienyeji; mwenye umbo dogo mpunguzie. Yai likichungulia nje ya mbawa linapoa, na kwa kuwa huyageuza na kuyahamisha kila siku, leo litapoa hili, kesho lile, mwishowe unaharibu mengi kwa tamaa ya mawili.

Kuna wizi mwingine wa kimyakimya: kuku wenzake kuingia na kutaga humo humo. Mtenge. Kama huna nafasi, kagua kila siku anaposhuka kula, na yai lisilo na penseli litoke hapo hapo.

Siku ya 7 usiku yamulike kwa tochi. Lisilo na mishipa ya damu liondoe. Kuanzia siku ya 18 usiguse tena. Mambo yakienda vizuri, vifaranga hutoka karibu pamoja kati ya siku ya 20 na ya 22.

Na kama sasa hivi una kiota cha mayai yaliyochanganyika umri, bado unaweza kuokoa kitu. Wa kwanza wakishakauka, watoe uwaweke kwenye boksi lenye joto, mbali na masikio ya mama yao. Wanaweza kukaa siku 2 bila kula, kwani wana akiba ya kiini tumboni. Mayai yaliyochelewa zaidi ya hapo yahamishie kwa kuku mwingine anayeatamia, usiku huo huo, kabla hayajapoa.