Somo: Nyaya za athi za gari, pima kabla ya kununua

Katika maduka ya vipuri huuzwa fungu la nyaya tano au sita nene, aghalabu za buluu au nyekundu, zenye vichwa vinavyong'aa, kwa ahadi kwamba ukizifunga kati ya terminali ya hasi ya betri, injini na bodi, gari litaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Mtindo huu ulishamiri Japani, na mara nyingine gari lililotumika hushuka bandarini likiwa limekwisha kufungwa nyaya hizo. Jibu langu nalitoa mapema, ili asiye na muda wa kufika mwisho asipoteze fedha yake: ikiwa nyaya za athi (zile zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri) zilizotoka kiwandani ni nzima na viungo vyake ni safi, kuongeza nyingine hakuongezi nguvu ya injini; ikiwa ni mbovu, kuzitengeneza kutakurudishia kile ulichokuwa umekipoteza, wala hapahitajiki fungu la rangi.

Katika gari, karibu kila kifaa hupata umeme wa chanya kwa waya wake unaopita kwenye fyuzi, lakini umeme huo hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha bodi na cha injini. Ndiyo maana terminali ya hasi huwa na njia mbili: waya unaoshika bodi, na mwingine, kwa kawaida mnene zaidi, unaoshika injini au giaboksi. Huu wa pili ndio wenye kazi ngumu, kwa sababu stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ya gari dogo la petroli huvuta takriban ampea 100 hadi 200 inapozungusha injini, na umeme wote huo hauna njia nyingine halali ya kurudi.

Tufanye hesabu kidogo. Waya wa shaba wenye milimita za mraba 16 na urefu wa nusu mita una ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme, wa omu 0.00054 hivi. Stata ikivuta ampea 150, waya huo unakula volti 0.08. Ukiweka wa milimita za mraba 25 mahali pake, unakula volti 0.05. Umeokoa volti 0.03, tena kwa zile sekunde mbili za kuwasha tu, maana injini ikishaunguruma stata haivuti kitu. Sasa chukua kiungo kimoja kilichoingia kutu hadi ukinzani wake ukafika omu 0.01: kwa ampea zilezile 150 kinameza volti 1.5. Macho ya fundi, basi, yawe kwenye vichwa viwili vya waya, pale bolti inapokutana na chuma.

Kuhusu nguvu ya injini, kompyuta yake hupima volti za betri muda wote, na zikishuka kidogo huongeza muda wa kufungua injekta (kinyunyizia mafuta) na muda wa kuchaji koili (kitoa cheche) ili mafuta na cheche vibaki vilevile. Volti 0.03 ni kitu ambacho mfumo huo umekwisha kukifidia kabla dereva hajakihisi. Wanaoapa kwamba gari lao lilibadilika baada ya kufunga nyaya mara nyingi hawasemi uongo, ila husahau kwamba ili kuzifunga walifungua betri. Katika magari mengi kufungua betri hufuta kumbukumbu ya kompyuta, na siku chache zinazofuata injini hujifunza upya mlio wake wa chini, ule wa gari lililosimama bila kukanyagwa mafuta, na mchanganyiko wa mafuta. Isitoshe, fundi aliyefunga nyaya mpya alikwisha kukwangua zile terminali chafu.

Hatua ya kwanza: hakikisha betri yenyewe ni nzima. Iache gari ilale usiku kucha, kisha asubuhi pima kwa multimita (kipima umeme) kati ya terminali mbili. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imefika nusu, na vipimo vinavyofuata vitakudanganya, ichaji kwanza.

Hatua ya pili ndiyo roho ya somo hili. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Ncha nyeusi iguse nguzo ya hasi ya betri, yaani ile risasi yenyewe na si klipu inayoizunguka. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, kama vile kichwa cha bolti kisicho na rangi wala mafuta. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, kisha mwombe mwenzako azungushe stata kwa sekunde tatu hadi tano huku wewe ukisoma. Chini ya volti 0.2 waya ni mzima, funga boneti ukaendelee na shughuli zako. Kati ya 0.2 na 0.5 kuna uchafu unaoanza. Zaidi ya 0.5 umempata mwizi.

Usijaribu kukwepa hatua hii kwa kupima omu gari likiwa limezimwa. Waya uliokatika nyuzi zote ukabaki na moja utasoma karibu sifuri kwenye multimita ya kawaida, kwa kuwa umeme mdogo wa kipimo hupita humo bila shida; mzigo wa stata ndio unaoufichua.

Hatua ya tatu: washa injini, washa taa kubwa, feni ya kiyoyozi na kipasha joto cha kioo cha nyuma, kisha pima vilevile kati ya nguzo ya hasi na bodi. Hapa natarajia volti 0.1 au pungufu. Kama injini ni safi lakini bodi inasoma 0.4, umekwisha kujua ni waya upi wa kushughulikia.

Hatua ya nne ni kusafisha. Fungua terminali ya hasi kabla ya chanya, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isilipue cheche. Toa bolti ya athi, kwangua kichwa cha waya na mahali kinapokaa kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, rudisha, kaza, kisha pakaa grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Wanaoishi pwani, ambako hewa ya chumvi haina huruma, wasiiruke grisi hii.

Nitasimulia kisa kimoja. Noah yangu ilianza kuzungusha injini kwa uvivu asubuhi, na gereji mbili zikaniambia ninunue betri. Nilipopima, betri ilikuwa na 12.6, lakini kati ya injini na hasi nilisoma volti 1.3 stata ikizunguka. Nilifuata waya hadi kwenye giaboksi, nikafungua bolti, na chini yake nikakuta utando wa rangi nyeusi. Miezi michache nyuma giaboksi ilikuwa imeshushwa, ikasafishwa na kupuliziwa rangi ipendeze, halafu waya ukafungwa juu ya rangi hiyohiyo. Nilitumia kipande cha msasa na dakika kumi. Kipimo kikashuka hadi 0.12, na betri ileile ilinitumikia kwa muda mrefu baada ya hapo.

Hatua ya tano ni kwa yule ambaye waya wake umeoza: umefura ndani ya ganda, una unga wa kijani, au nyuzi zimekatika kwenye kichwa. Huyo abadilishe. Anunue waya wa shaba halisi wenye unene uleule au unaozidi kidogo, vichwa vibanwe kwa koleo la kazi hiyo, si kwa nyundo. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao ni mwingi sokoni. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, jua kwamba waya huo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya ule wa shaba wenye unene sawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Kebo ya gia ya gari langu iliyeyuka ganda, na fundi akasema ni tatizo la athi. Yahusiana vipi?

Jibu: Marahaba. Fundi wako amesema kweli. Waya wa athi wa injini ukikatika, umeme wa stata hutafuta chuma kingine kinachounganisha injini na bodi, na kebo ya gia au ya pedali ya mafuta ni mojawapo. Kebo hiyo haikuundwa kubeba ampea 150, kwa hiyo hupata moto. Usiibadilishe kabla hujapima kama nilivyoeleza katika hatua ya pili, kwani mpya nayo itaungua.

Swali: Nimefunga amplifaya kubwa ya muziki na taa zinafifia kila besi inapopiga. Je, hapa pia nyaya nene hazina maana?

Jibu: Hapa zina maana, ndugu yangu, kwa sababu umeongeza mzigo ambao kiwanda hakikuupigia hesabu. Amplifaya inayovuta ampea 80 inahitaji waya wa hasi wenye unene sawa na ule wa chanya uliouvuta kutoka kwenye betri, na ni vyema pia kuimarisha waya wa betri kwenda bodi na wa injini kwenda bodi. Hata hivyo, alteneta (jenereta inayochaji betri injini ikiwaka) ikizidiwa taa zitaendelea kufifia hata ukifunga waya mnene kama mkono.

Swali: Nina Prius ya kizazi cha tatu. Nifunge fungu la nyaya?

Jibu: Hapana. Gari hilo ni la mseto, la petroli na umeme, na halina stata ya kawaida. Injini huzungushwa na mota inayolishwa na betri kubwa ya volti 201.6, ambayo mfumo wake haurudishi umeme kupitia bodi. Betri ndogo ya volti 12 huamsha kompyuta na kulisha taa na vifaa vidogo. Nyaya za rangi ya machungwa, za mfumo wa betri ile kubwa, usiziguse kabisa, kwani zinaua.

Swali: Gari langu lina kiboksi kidogo kwenye terminali ya hasi. Naweza kufunga waya wa ziada juu yake?

Jibu: Kiboksi hicho ni sensa inayopima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Ukifunga waya moja kwa moja kwenye nguzo, umeme unaopita humo hautahesabiwa, na kompyuta itaichaji betri kwa kubahatisha. Waya wa ziada, kama kweli unauhitaji, uanzie upande wa pili wa sensa, pale waya wake unaposhika bodi.