Kusoma mawe ya Olorgesailie ukitokea Nairobi

Wasee wengi wanapita Magadi Road mbio mbio na hawaangalii mawe, inaniuma sana. Toka town mapema, saa kumi na mbili hivi, shika Rongai, Kiserian, mpaka Corner Baridi, hapo simama kidogo uangalie chini. Barabara inashuka kwa ngazi ngazi, na kila ngazi ni ufa, yaani ardhi ya Bonde la Ufa ilivutwa pande mbili ikakatika, vipande vingine vikazama. Ndio maana huku hupati sana mikunjo, maana mwamba hujikunja ukisukumwa, kama mkeka unaousukuma na mguu, ukivutwa unakatika.

Olorgesailie, ile sehemu ya mabaki ya watu wa kale, ni kama kilomita 70 kutoka town na ni lami, hata gari ndogo inafika. Ukiingia tafuta tabaka nyeupe, ile ni diatomaiti, maganda ya mwani mdogo sana wa ziwa lililokuwa hapo zamani. Kati yake kuna jivu la volkeno, na hilo jivu ndilo wataalamu wanapima umri nalo, ya chini kabisa inafika miaka milioni 1.2. Fuata tabaka moja kwa macho, ikikatika ghafla na kuendelea juu au chini umeona ufa.

Shoka za mawe za hao watu wa kale ziangalie ukiwa kwenye daraja la mbao, usiokote kitu tafadhali. Beba maji mengi na kofia, saa sita jua la huko ni kali kweli.