Kufundisha ngoma mtandaoni: mdundo utangulie

Mnaofundisha ngoma vyuoni kwa Zoom, msipige ngoma upande wenu mkitaraji darasa lifuate. Nilijaribu hivyo na sindimba, ngoma ya Wamakonde ya kuchezesha kiuno, nikiwa hapa Mtwara, kila mtu akawa na mguu wake. Rekodi mdundo mapema, utume kwa WhatsApp, kila mwanafunzi aufungulie kwenye spika yake, vipaza sauti vyote vizimwe. Sauti humfikia kila mmoja kwa kuchelewa tofauti, tena programu hudhani ngoma ni kelele na kuikata (njuga ndiyo kabisa!). Darasani angalia kiuno na miguu tu. Mapigo yapime kwenye video watakazojirekodi. Kwa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, njia hii haifai: mpigaji na mchezaji hujibizana, hapo subirini mkutane uwanjani.