Kuoanisha Picha za MRI za Moyo na Mapigo Yake Kwenye Sumaku Kali: Hatua kwa Hatua

Picha moja ya moyo unayoiona kwenye skrini ya MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) kwa kawaida haikupigwa katika pigo moja. Hukusanywa vipande vipande katika mapigo kadhaa mfululizo, mara nyingi mgonjwa akiwa amezuia pumzi kwa sekunde 10 hadi 15, na vipande hivyo huungana vizuri pale tu mashine inapojua kila pigo lilianza lini. Kazi ya kuijulisha hufanywa na wimbi R la ECG (mchoro wa umeme wa moyo), yaani kilele kirefu kinachoonekana ventrikali, vyumba vya chini vya moyo, zinapoanza kusinyaa, ambacho hutoa ishara ya kuanza kukusanya data; ishara hiyo nitaiita kichocheo. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) wimbi R hutosha kwa wagonjwa wengi. Kwenye tesla 3 linahitaji kuangaliwa kwa makini, na kwenye tesla 7 laweza kufunikwa kiasi kwamba mashine inashika kitu kingine kabisa.

Kabla ya hatua zenyewe, ni lazima kuelewa kinacholifunika. Damu ina ayoni, na inapotiririka kwa kuukata uga wa sumaku, ayoni chanya husukumwa upande mmoja wa mshipa na hasi upande wa pili, hivyo volteji huzaliwa. Ni kanuni ileile ambayo Michael Faraday alijaribu kuipima mwaka 1832 katika maji ya mto Thames, kwenye daraja la Waterloo jijini London, akitumia uga wa dunia peke yake; hakufanikiwa, kwa kuwa volteji hiyo ilikuwa ndogo mno kutofautishwa na nyinginezo. Sisi tuna tatizo la kinyume. Volteji hii hukua sambamba na nguvu ya sumaku, kwa hiyo kutoka tesla 1.5 hadi 7 inakaribia kuwa mara tano. Huwa kubwa zaidi kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na hufika kilele pale ventrikali inaposukuma damu, yaani katika sehemu ya ST na wimbi T, zinazofuata R kwenye mchoro. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa na wimbi T dogo nje ya mashine huonekana na wimbi T refu kuliko R anapokuwa ndani. Kwa sababu hiyohiyo, mchoro wa ECG unaouona wakati wa kupiga picha usitumike kamwe kutambua ugonjwa: ST iliyopanda ndani ya sumaku inaweza kuwa mtiririko wa damu tu.

Hatua ya 1: Andaa ngozi

Nyoa nywele mahali elektrodi zitakapokaa, sugua ngozi kwa jeli maalumu, kisha ifute hadi ikauke. Tumia elektrodi zilizoidhinishwa kwa nguvu ya sumaku uliyonayo na ambazo jeli yake haijakauka. Hatua hii huonekana ndogo, lakini michoro mingi mibovu niliyowahi kuitiwa kuirekebisha ilipona kwa elektrodi mpya na ngozi safi.

Hatua ya 2: Bandika elektrodi na upange nyaya

Weka elektrodi upande wa kushoto wa kifua, zikiwa karibu karibu, ili eneo linalozungukwa na nyaya liwe dogo na koili za gradienti, zinazobadilisha uga wa sumaku haraka wakati wa kupiga picha, zisipate nafasi ya kupenyeza volteji nyingi. Nyaya zisijikunje kuwa duara, zisipishane na zisiguse ngozi. Weka kitambaa au pedi katikati. Mawimbi ya redio yanaweza kuupasha waya joto hadi kumuunguza mgonjwa, kwa hiyo waya usiotumika uondolewe kabisa. Mwambie mgonjwa waziwazi kwamba akihisi joto mahali popote abonyeze kengele mara moja.

Hatua ya 3: Chukua mchoro wa rejea nje ya tundu

Hii ndiyo hatua ninayoihimiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mgonjwa akiwa bado nje ya tundu, yaani mwanya wa sumaku anamoingizwa, unganisha ECG pamoja na kipima mapigo cha kidoleni, kisha andika mambo matatu: umbali kati ya wimbi R moja na linalofuata, umbo la wimbi R likilinganishwa na T, na muda unaopita kati ya kichocheo na wimbi la mapigo kidoleni. Muda huo wa mwisho mara nyingi ni kama robo ya sekunde, lakini unachohitaji ni namba ya mgonjwa huyu. Kama mfumo wako unatumia vekta za ECG, yaani unatambua R kwa mwelekeo wa umeme wake na si kwa urefu wake tu, uache ujifunze vekta hiyo sasa, kabla volteji ya aota haijaingia.

Hatua ya 4: Ingiza mgonjwa taratibu na ulinganishe

Kwenye tesla 7 kitanda kiende polepole, kwa kuwa mwendo wa haraka ndani ya uga huo huleta kizunguzungu. Akishafika katikati, tazama alama ya kichocheo imekaa wapi.

Hapa kuna makosa mawili ya kushika T, yanayofanana kwa jina lakini tofauti kwa hatari. La kwanza ni mashine kushika R na T kwa zamu: mgonjwa mwenye mapigo 75 kwa dakika huonyeshwa 150, na vipindi hupishana, kwa mfano milisekunde 200 kisha 600. Kosa hili hujitangaza. La pili ni mashine kushika T peke yake, kila pigo. Idadi ya mapigo hubaki sahihi, hakuna onyo lolote, na aliyeangalia namba tu ataendelea na kazi akiamini mambo ni mazuri. Linalolifichua kosa hili ni muda ule ulioandika nje: kama ulikuwa milisekunde 250 na sasa umeshuka chini ya 100, kichocheo kimehama kutoka R kwenda kwenye kilele cha mtiririko wa damu. Kwa kuwa kilele hicho ni kipana, mahali pake hubadilika kidogo kila pigo, na picha hufifia.

Hatua ya 5: Badilisha njia mapema

Ukijaribu waya mwingine au kusogeza elektrodi mara moja bila mafanikio, usipoteze muda wa mgonjwa. Mapigo ya kidoleni hayasumbuliwi na sumaku, ila huchelewa, hupanda taratibu, na hudhoofika vidole vikiwa baridi. Ninapokuwa na kifaa cha kusikiliza kisicho na metali, nakipendelea zaidi: sauti ya kwanza ya moyo, inayotokana na kufungwa kwa vali za mitrali na trikuspidi, hufuata R kwa muda mfupi sana, na sumaku haiigusi. Kelele za gradienti huchujwa, lakini kifaa kinapaswa kugusana vema na kifua. Zipo pia njia za ultrasauti ya Doppler na za kutoa mwendo wa moyo kutoka kwenye data ya MRI yenyewe.

Hatua ya 6: Pima upya wakati pumzi imezuiwa

Mapigo hubadilika mgonjwa anapozuia pumzi. Mfanyishe jaribio moja bila kupiga picha, na utumie vipindi vya jaribio hilo. Kwa mapigo 75, kipindi ni milisekunde 800. Ukikusanya mistari 12 ya data kwa kila sehemu na kila mstari ukichukua milisekunde 3, unapata awamu moja (picha ya hatua moja ya pigo) kila milisekunde 36, yaani takribani awamu 22. Ukichochea mbele, yaani ukikusanya data kwa muda uliopangwa baada ya kila kichocheo, acha nafasi kidogo mwishoni mwa kipindi ili pigo linalowahi lisipotee. Ukipanga awamu baada ya kukusanya, mzunguko mzima utapatikana.

Hatua ya 7: Soma picha ya kwanza kabla ya kuendelea

Tazama ukingo wa ini na ukuta wa kifua. Vikiwa vikali na moyo peke yake umefifia, tatizo ni kichocheo. Vyote vikififia, mgonjwa hakuzuia pumzi. Rudia mkato huo mmoja, si mfululizo mzima.

Mwisho, andika kwenye kumbukumbu za uchunguzi njia ya kuchochea uliyotumia na ucheleweshaji wake. Kwa kichocheo cha kidoleni awamu ya kwanza huangukia ndani ya sistoli (moyo unaposinyaa), na atakayepima ujazo wa ventrikali asipoambiwa hivyo atautafuta mwisho wa diastoli (moyo unapolegea na kujaa damu) mahali ambapo haupo.