Kuratibu Mageuzi ya Mashtaka kwa Fedha za Wafadhili: Anza na Faili

Fika Mahakama ya Makadara, Nairobi, Jumatatu asubuhi kabla hakimu hajaingia. Utaona polisi wakiingia na faili kwapani, na mwendesha mashtaka akizipokea moja moja na kuzisoma akiwa amesimama. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au kabla ya mwisho wa siku ya kwanza ya mahakama iwapo saa hizo zimeishia wakati korti imefungwa. Ndiyo maana waliokamatwa tangu Ijumaa jioni hufika wote kwa pamoja, na mzigo wa siku tatu ukamwangukia mtu mmoja kwa saa moja. Katika saa hiyo ndipo inapoamuliwa nani atasomewa mashtaka gani, na mara nyingi nani atalala rumande ya Industrial Area.

Nilisimama upande wa mashtaka kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuratibu miradi ya haki hapa Nairobi. Nimeona fedha nyingi za msaada zikipita mbali na saa hiyo ya Jumatatu, na jambo hilo huniuma. Hizi ndizo hatua ninazozifuata. Ikiwa umepewa kazi kama yangu, zichukue, uzirekebishe zikufae.

Hatua ya 1: Soma Katiba kabla ya hati ya mradi

Kifungu cha 157 ndicho msingi wa kila kitu. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa na huhudumu miaka 8 bila kuongezewa muhula. Hahitaji ruhusa ya yeyote kuanzisha kesi ya jinai, na katika kazi hiyo hayuko chini ya amri ya mtu. Kabla ya 2010 mamlaka hayo yalikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, yuleyule aliyekuwa mshauri wa kisheria wa serikali. Sheria ya Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ofisi ambayo sote tunaiita ODPP, ilikuja 2013.

Mgeni hawezi kulijua hili mpaka umwambie. Marekani, waendesha mashtaka wa serikali kuu wako chini ya Wizara ya Haki, na katika majimbo mengi mkuu wa mashtaka wa eneo huchaguliwa kwa kura. Afisa anayetoka huko anaweza kuuliza swali ambalo kwake ni la kawaida kabisa, kumbe hapa ni la hatari.

Mimi nililijua hili kwa njia ngumu. Afisa wa mfadhili mmoja alinipigia simu kuuliza kwa nini mshukiwa fulani hajashtakiwa bado, kwa kuwa robo ya mwaka ilikuwa inaisha na ripoti ilimsubiri. Nikaipeleka hoja yake ofisini kama nilivyoipokea. Kuanzia siku hiyo milango ikafungwa. Hakuna aliyenigombeza, lakini faili zikawa “hazijapatikana” na vikao vikawa “vimeahirishwa.” Ilichukua majuma mengi kurudisha imani, na kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo, kabla ya senti ya kwanza kutumika, ninaandika ukurasa mmoja wa mipaka na kuhakikisha pande zote mbili zimeutia saini. Fedha za mradi zinaweza kugusa mafunzo, vifaa, rejista, mifumo na vikao vya pamoja. Mradi hauulizi kesi ya fulani imefika wapi. Hauombi nakala ya faili iliyo hai. Mtu wake haketi katika kikao cha kuamua kushtaki. Simu ya aina ile ikija, unausoma ukurasa huo kwa upole, na mazungumzo yanahamia jambo jingine.

Hatua ya 2: Fuata faili kwa miguu

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Usianze na warsha. Chagua korti moja, vituo viwili vya polisi vinavyoipelekea kesi, na faili 20 zilizokwisha kufungwa. Omba ruhusa kwa maandishi, na uondoe majina na nambari za vitambulisho kabla ya kuchukua chochote, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana na wewe pia.

Kisha chora safari ya kila faili: kuandikwa kwa tukio katika OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), afisa mpelelezi kukabidhiwa, taarifa za mashahidi kuchukuliwa, faili kufika kwa mwendesha mashtaka, uamuzi, hati ya mashtaka, kusajiliwa, mshtakiwa kusomewa, dhamana, upande wa utetezi kupewa ushahidi, kesi kutajwa, kesi kusikilizwa. Katika kila kituo cha safari hiyo andika mambo matatu tu: nani aliishika, ilikaa siku ngapi, na kama ilirudishwa, ilirudishwa kwa sababu gani.

Hilo la mwisho ndilo lenye mali. Katika kesi za kupigwa na za dhuluma za kingono, utakuta faili inasubiri fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari. Katika za dawa za kulevya, inasubiri ripoti ya Mkemia wa Serikali. Katika za wizi wa simu, mlalamishi alihama nyumba na hakuna aliyeandika nambari ya pili ya kumpata. Utakuta faili iliyorudishwa kwa polisi bila sababu iliyoandikwa, kwa hiyo afisa akairudisha vilevile ilivyokuwa. Hakuna warsha ya hotelini itakayokueleza hayo.

Zungumza pia na watu wanaoibeba. Koplo anayetoka kituoni na faili 15 mkononi anajua mengi kuhusu ucheleweshaji kuliko mtaalamu aliyetumwa kuuchunguza. Keti pia kwenye benchi la nje ya korti. Nikiwa mwendesha mashtaka, mama mmoja aliyetoka Kayole alinishika mkono baada ya kesi ya mwanawe kuahirishwa.

“Mwanangu, hii ni mara ya nne. Nauli ya leo nimekopa.”

“Pole sana, mama. Daktari hakufika.”

“Na mbona hamkunipigia simu jana?”

Sikuwa na jibu. Simu ilikuwepo, na nambari yake ilikuwepo ndani ya faili. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuipiga. Hilo ni jambo la mageuzi hasa, na gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha kikao kimoja.

Hatua ya 3: Tumia meza iliyopo

Miradi hupenda kuunda kamati zake. Usifanye hivyo. Sheria ya Huduma ya Mahakama ya 2011 iliunda Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki, ambalo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, na chini yake kuna Kamati za Watumiaji wa Mahakama kortini. Hapo hukutana hakimu, mwendesha mashtaka, polisi, magereza, probesheni, afisa wa watoto, mawakili na mashirika ya kijamii. Mpango wa haki na msaada wa kisheria uitwao PLEAD, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2018 pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNODC (dawa za kulevya na uhalifu) na UNDP (maendeleo), uliwagusa wadau hawa kwa pamoja, na nadhani hapo ulipatia: ukimsukuma mwendesha mashtaka peke yake, unahamisha msongamano tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Peleka michoro yako ya hatua ya 2 kwenye kamati hiyo. Omba kikao kiwe alasiri, maana asubuhi wote wako kortini. Usimnyooshee mtu kidole. Onyesha siku, si majina. Na mkuu wa kituo cha polisi aalikwe yeye mwenyewe, kwa barua, mapema. Polisi wana kumbukumbu ndefu hapa. Kwa miaka mingi wao ndio walioendesha kesi nyingi katika korti za mahakimu, hadi mawakili wa ODPP walipochukua kazi hiyo. Wengine bado huona kurudishiwa faili kama dharau. Nimeona mvutano huo ukipungua pale tu sababu za kurudisha zinapoandikwa kwa lugha ya heshima na kueleza ushahidi gani unahitajika.

Hatua ya 4: Fanya uamuzi wa kushtaki uwe kazi ya kuonekana

ODPP ilitoa mwongozo wa uamuzi wa kushtaki wa 2019. Kiini chake ni maswali mawili: je, ushahidi unatosha? Na je, kushtaki kuna manufaa kwa umma? Kuyakariri ni rahisi. Kuyatumia saa moja na nusu asubuhi ukiwa na faili 30 ni jambo jingine.

Ninavyofundisha ni hivi. Ninachukua faili moja iliyofungwa, isiyo na majina, na kuwapa waendesha mashtaka watatu. Kila mmoja anasoma peke yake, anaandika uamuzi na sababu zake katika nusu ukurasa. Kisha tunaweka karatasi mezani. Mara nyingi wawili hukubaliana kwa sababu tofauti kabisa, na hapo ndipo somo linapoanza. Saa mbili za namna hii zinafaa kuliko siku tatu za kusikiliza mihadhara. Fanya zoezi hili kwenye kituo chao cha kazi, na afisa mpelelezi awepo.

Ongeza njia mbili za kuepusha kesi ndefu. Ya kwanza ni kumwondoa mtu katika njia ya korti, hasa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inaliruhusu hilo wazi. Ya pili ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kupitia marekebisho ya 2008, vifungu vya 137A hadi 137O. Makubaliano hayo lazima yaandikwe, mshtakiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na korti ijiridhishe kwamba hakushurutishwa. Hayahusu makosa yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono. Nimewahi kukuta hati ya mradi iliyolisahau hilo.

Hatua ya 5: Kataa viashiria vinavyoumiza watu

Hapa simama imara hata ikikugharimu. Rasimu nyingi za viashiria, yaani vipimo vya mafanikio ya mradi, huja na sentensi inayosema asilimia ya waliopatikana na hatia ipande kila robo. Inasikika vizuri. Lakini mwendesha mashtaka anayepimwa kwa idadi ya waliopatikana na hatia atazikwepa kesi ngumu, na kesi ngumu kwa kawaida ni za watoto, za wanawake waliodhulumiwa na za maafisa wenye nguvu. Atasita pia kuiondoa kesi dhaifu, ingawa Kifungu cha 157 kinamtaka azuie matumizi mabaya ya sheria. Ukihesabu idadi ya makubaliano ya kukiri kosa, unamsukuma kijana aliyekaa rumande miezi sita kwa kukosa dhamana akubali kosa ambalo huenda hakulitenda, ili tu atoke. Siwezi kuweka jina langu kwenye ripoti ya namna hiyo.

Ninapendekeza vitu vingine vya kuhesabu: siku kutoka kukamatwa hadi uamuzi, faili zilizorudishwa zikiwa na sababu iliyoandikwa, maahirisho yaliyotokana na faili au shahidi wa mashtaka kukosekana, walalamishi waliopigiwa simu kabla ya tarehe. Na uamuzi wa kutoshtaki, ukiwa na sababu nzuri, uhesabiwe kuwa kazi iliyofanyika. Mfadhili mwema huelewa ukimweleza kwa mfano wa faili halisi isiyo na majina. Asiyeelewa mara ya kwanza, rudi tena na mfano wa pili.

Hatua ya 6: Panga kalenda, kisha panga siku ya kuondoka

Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1. Wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1, na wa Uingereza Aprili 1. Ukiwa na wafadhili wawili, chora miezi yote kwenye karatasi moja ukutani, utie alama miezi ambayo fedha zitachelewa. Usiweke jambo linalogusa uhuru wa mtu katika miezi hiyo.

Mtumai cha nduguye hufa maskini. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imeacha kutekeleza miradi. Kazi zilikatika katikati ya sentensi. Kwa hiyo kila kitu unachonunua kiwe na jibu la swali moja, lililoandikwa kwenye bajeti: nani atalilipia hili mradi ukiisha? Kompyuta bila intaneti ya kulipiwa na ofisi yenyewe ni samani. Mshahara wa mwendesha mashtaka usitoke kwenye msaada kamwe.

Hatua ya 7: Kabidhi

Anza miezi sita kabla ya mwisho. Nywila za mifumo, mikataba ya matengenezo, moduli za mafunzo na rejista ya faili zilizorudishwa zikabidhiwe kwa watu wenye vyeo vya kudumu, kwa saini. Mwezi wa mwisho usiandae sherehe. Nenda kituoni Jumatatu saa moja asubuhi, keti pembeni bila kusema kitu, uangalie kama karani anaifungua ile rejista mwenyewe, na kama kuna mtu anayeshika simu kuwapigia mashahidi wa kesho. Asipokuwepo, bado una majuma manne.