Fundi wa saruji na mikono isiyopona: jinsi ya kubandika na kusoma kipimo cha mzio mgongoni

Fundi mwashi akija na mikono iliyopasuka, inayowasha na kutoa majimaji, wengi wetu humwandikia krimu ya steroidi na kumrudisha saiti. Baada ya wiki mbili yuko tena kwenye foleni. Ukitaka kujua hasa kinachomsumbua, mbandike kemikali mgongoni. Naandika kwa matabibu na wauguzi wa kliniki za ngozi. Wewe uliye nyumbani usijijaribie, na sababu utaiona hatua ya 2.

Tunatafuta mzio wa kuchelewa, unaoendeshwa na seli nyeupe za damu zilizokwisha kuizoea na kuichukia kemikali fulani. Ndiyo maana majibu huchukua siku, si dakika. Josef Jadassohn alikieleza kipimo hiki mwaka 1895 kwa kutumia zebaki, na msingi wake haujabadilika.

Hatua ya 1: Muulize kabla ya kumgusa

Akipumzika wiki mbili mikono hupata nafuu? Anachanganya zege, anapiga lipu, au anabandika vigae kwa gundi ya epoksi? Glavu zake ni za mpira au za ngozi? Na ukiwa pwani, usisahau kuuliza kama amewahi kupakwa piko au hina nyeusi ikamvimbisha. Rangi hizo mara nyingi huwa na PPD, kemikali ya kutia weusi, na mtu wa namna hiyo anaweza kutoa malengelenge makali mgongoni.

Akisema midomo humvimba au hupiga chafya dakika chache baada ya kuvaa glavu, huo ni mzio wa papo hapo wa utomvu wa mpira. Kipimo hiki hakitauona.

Ahirisha kama mgongo una ukurutu mbichi, kama umeungua jua, kama amepaka steroidi mgongoni ndani ya wiki iliyopita, au kama anameza prednisolone (steroidi ya vidonge) zaidi ya miligramu 10 kwa siku. Vidonge vya kuzuia muwasho kama cetirizine si kikwazo. Usimuulize tu "unatumia dawa gani?", kwa sababu krimu ya duka la dawa wengi hawaihesabu kuwa dawa. Mwambie aje na tyubu zote alizonazo.

Hatua ya 2: Chagua kemikali

Kwa mtu wa saruji sikosi hizi, zote zikiwa zimechanganywa na mafuta ya mgando: potasiamu dikromati 0.5%, kobalti kloridi 1%, nikeli salfeti 5%, mchanganyiko wa thiuramu 1%, mchanganyiko wa kaba 3% na resini ya epoksi 1%. Dikromati inawakilisha kromiamu iliyomo kwenye saruji. Thiuramu na kaba ni kemikali za kukomazia mpira, yaani ziko kwenye glavu anazovaa kujikinga.

Saruji yenyewe usiibandike. Ikilowa, pH yake hupita 12, itaunguza ngozi ya mtu yeyote na hutajifunza chochote. Petroli, tindikali, na kimiminika cha kwenye dumu lisilo na lebo navyo usiviguse. Kipande cha glavu yake mwenyewe, kilicholoweshwa kidogo kwa maji, unaweza kukibandika kilivyo.

Hatua ya 3: Jaza vikombe

Kemikali hubandikwa mgongoni zikiwa ndani ya vikombe bapa vilivyo kwenye plasta. Kikombe cha alumini cha milimita 8 kinatosha uzi wa mafuta yenye kemikali wa kama nusu sentimita, takriban miligramu 20. Ukijaza kupita kiasi, kemikali zitachanganyikana. Kemikali za maji zinawekwa dakika ya mwisho, maikrolita 15. Tyubu zikae kwenye friji.

Hatua ya 4: Bandika Jumatatu

Jumatatu unabandika, Jumatano unabandua na kusoma, Ijumaa unasoma tena. Ukianza Ijumaa utajikuta unahitaji kufungua kliniki Jumapili.

Mgongo uwe mkavu, bila mafuta ya asubuhi hiyo. Mwinamishe kidogo, bandika sehemu ya juu pembeni mwa uti wa mgongo, ukianzia chini kwenda juu ili hewa itoke. Kwa joto la Dar es Salaam au Tanga ongeza plasta kingoni. Weka alama kwa kalamu ya ngozi na chora ramani kwenye faili.

Hadi Ijumaa asilowanishe mgongo, asibebe mizigo, asicheze mpira. Kwa anayelipwa kwa siku, hiyo ni karibu wiki nzima bila hela. Zungumzeni mapema, na akiridhia ongea na msimamizi wake apewe kazi isiyomtoa jasho.

Hatua ya 5: Soma kwa kidole

Hapa ndipo majibu mengi hupotea. Vitabu vimejaa picha za migongo myeupe yenye duara jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, pakaonekana zambarau hafifu au weusi tu. Funga macho ukitaka, pitisha ncha ya kidole juu ya kila alama kama fundi anayekagua lipu. Kisha mulika tochi kutoka ubavuni, uvimbe utatoa kivuli.

Jumatano, ukishabandua, subiri angalau nusu saa ili alama za kikombe chenyewe zififie. Ngozi iliyonenepa, pengine na vipele, ni +. Ikiwa na vilengelenge vidogo ni ++. Malengelenge yaliyoungana ni +++. Weusi tu bila unene ni shaka, andika ?+.

Ijumaa ndiyo siku yenye uzito. Mzio wa kweli huendelea kuwasha, hukolea na kutambaa nje ya mpaka wa kikombe. Ngozi iliyochubuliwa na kemikali huwa na kingo zilizokatika sawasawa, na kufikia Ijumaa inafifia. Ukisoma Jumatano peke yake utawapa baadhi ya watu mzio wasio nao, na wengine utawanyima walio nao. Mtahadharishe pia kwamba madoa meusi yanaweza kubaki kwa miezi.

Hatua ya 6: Linganisha na kazi yake

Nikeli ikitoka chanya, huenda inahusu bizimu ya mkanda tu. Dikromati chanya kwa fundi wa saruji ina maana kubwa, ila kagua na buti na glavu za ngozi, kwani ngozi nyingi hulainishwa kwa kromiamu. Denmark ilianza kuchanganya feri salfeti, chumvi ya chuma, kwenye saruji mwaka 1981 ili kuizima kromiamu iliyomo, na tangu 2005 Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya sehemu 2 kwa milioni.

Mwenye kromiamu peke yake apewe glavu za nitraili zenye soksi ya pamba ndani, na saruji ikimrukia aioshe kwa maji safi kabla haijakauka. Thiuramu ikiwa chanya pia, tafuta za PVC.

Mwandikie karatasi yenye majina ya kemikali kama yalivyo kwenye lebo. Alama za Jumatano na Ijumaa, picha za mgongo na maelezo ya kazi yake viingie kwenye faili siku hiyohiyo. Kwa Tanzania, akidai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huo ndio ushahidi wa kitabibu utakaombeba.