Kugandisha taji la kauri ya kioo: sekunde 20 za asidi na yanayozizunguka

Taji la lithiamu disilikati, yaani kifuniko cha jino cha kauri ya kioo, likipasuka mapema, lawama huanza kwa fundi wa maabara. Mara nyingi kosa limefanyika kwenye kiti cha mgonjwa: jino limechongwa kidogo mno, asidi imezidishwa muda, au mate yamepita kati ya kauri na gundi. Ukijua taji limeundwaje, utaona kwa nini kila sekunde ya kazi hii ina hesabu yake.

Kauri ya kioo ni kioo kilichopikwa kwa vipimo hadi fuwele zikaota ndani yake. Katika lithiamu disilikati iliyokamilika, fuwele ni takriban asilimia 70 ya ujazo, nazo ni vijiti vidogo vilivyopandana kama njiti za kiberiti zilizomwagwa mezani. Ufa ukitaka kupita hulazimika kuzunguka kijiti baada ya kijiti, na humo hupoteza nguvu. Ndiyo maana aina hii hustahimili kupindwa hadi karibu megapaskali (kipimo cha mkazo) 400 au zaidi, wakati leusaiti, kauri nyingine ya kioo, huishia kwenye 160 hivi. Sehemu inayobaki ni kioo, na kioo hicho ndicho kinacholiwa na asidi ya haidrofloriki, kikiacha vijishimo ambamo gundi huingia na kushika. Zirkonia, kauri isiyo ya kioo, ina nguvu kuliko zote mbili, lakini haina kioo cha kuliwa. Usiipake asidi hii ukitarajia ishike vilevile.

Vipande vya kuchongwa kwa mashine, kama IPS e.max CAD, hufika vikiwa na rangi ya buluu. Hapo bado ni lithiamu metasilikati, laini kiasi cha kuchongeka, yenye megapaskali 130 hadi 150 tu. Unaweza kujaribisha taji la buluu mdomoni, ila mgonjwa asiling'ate. Tanuri la nyuzi 840 hadi 850 za Selsiasi ndilo hubadilisha fuwele, huleta rangi ya jino na kusinyaza taji kwa asilimia 0.2 hivi.

Kwenye jino la nyuma, punguza sehemu ya kutafunia kwa milimita 1.5, na uache bega la mviringo la milimita 1 kuzunguka ukingo. Usikadirie kwa macho. Mwambie mgonjwa ang'ate nta laini, kisha pima unene wa nta hiyo kwa kalipa. Lainisha kona zote za ndani, maana kauri huvumilia kukandamizwa lakini haivumilii kuvutwa, na kona kali hukusanya mvuto mahali pamoja. Taji la muda ligandishwe kwa saruji isiyo na eujenoli (kiungo cha mafuta ya karafuu), kwa kuwa eujenoli huzuia resini ya gundi kukauka vizuri.

Jaribisha taji kabla ya kulipaka asidi. Angalia ukingo, rangi, na mguso wa meno ya pembeni kwa uzi wa meno. Mng'ato usiupime sasa, kwani taji lisilogandishwa halina kitu cha kuliegemeza. Pakihitajika kupunguzwa, tumia kichongeo laini cha almasi, maji mengi na mkono mwepesi.

Sasa paka asidi ya haidrofloriki ya asilimia 5 ndani ya taji kwa sekunde 20. Kwa leusaiti ni sekunde 60, na hapa ndipo wengi huchanganya. Ukizidisha kwenye disilikati, kioo huliwa mno, vijiti hukosa pa kusimama, na taji hudhoofika kabla halijafika mdomoni. Suuza vizuri kwa maji, kausha, kisha angalia: uso unapaswa kufifia kama kioo kilichopata ukungu. Ukiona unga mweupe kama chokaa, hayo ni mabaki ya chumvi. Yaondoe kwa kuliweka taji dakika chache kwenye mashine ya mawimbi ya sauti yenye maji yaliyotoneshwa. Kama maabara ilishapaka asidi na mate yakagusa baada ya hapo, usirudie haidrofloriki. Safisha kwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 60, suuza na ukaushe. Kisha paka saileni, kimiminika kinachounganisha kauri na resini, iache sekunde 60, puliza hewa. Saileni ya chupa moja iliyoingia ukungu imeharibika. Itupe.

Asidi ya haidrofloriki isiingie mdomoni kamwe. Hupenya ngozi na kufunga kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo mtu hudhani yuko salama. Vaa glavu na miwani, weka jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 mezani kabla ya kufungua bomba la asidi, na asidi yenyewe usiihifadhi kwenye chombo cha kioo.

Litenge jino kwa shuka la mpira, lisugue kwa unga wa pamisi, kisha paka fosforiki: enameli (tabaka gumu la nje) sekunde 30, dentini (tabaka lililo chini yake) isizidi 15. Dentini ibaki na unyevu kidogo. Kwa wagonjwa wa Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya, ambako floridi ya maji hudoa meno, tabaka la juu la enameli hukaidi asidi. Pale ambapo hukulichonga, likwaruze kwanza kwa almasi.

Kwa taji nene tumia saruji ya resini inayokauka kwa mwanga na kwa kemikali pia, maana mwanga hautafika kote. Bonyeza taji, mulika sekunde mbili tu, ng'oa saruji iliyozidi ikiwa bado kama mpira, na uzi wa meno utolewe kwa pembeni, si kwa juu. Funika ukingo kwa jeli ya gliserini ili hewa isizuie kukauka, ndipo umulike kila upande kwa muda wa mtengenezaji.

Mng'ato upimwe sasa, kwa karatasi ya rangi. Kila ulipogusa kwa almasi, ng'arisha kwa raba kutoka ngumu hadi laini: mkwaruzo unaoachwa hula jino la mkabala, na ndipo ufa huanzia. Pitisha chombo chenye ncha, na kikikwama popote, rudia raba.